Dirisha Nyuma ya Jino

Turubai lilipandishwa siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, na vijana wanne waliofungwa kamba kiunoni. Wapangaji wote walishuka barabarani kutazama, maana tamasha la bure halikosi watu. Lilikunjuliwa kutoka juu ya paa kwenda chini, na kila lilivyokunjuka ndivyo uso wa mwanamke ulivyotokea: nywele, paji la uso, macho mawili makubwa kama matangi ya maji, pua, na mwisho mdomo uliocheka wazi, meno yote nje. Kidevuni paliandikwa jina la dawa ya meno. Watoto walimpa jina kabla hata hajafika chini. Walimwita Bi Meno.

Msimamizi wa jengo alisimama juu ya ngazi ya mlangoni apate kuonekana. Wapangaji walimwita Notisi, kwa sababu kila walipomwona alikuwa na karatasi ya kubandika. Siku hiyo hakuwa na karatasi. Alikuwa na hotuba.

"Ndugu wapangaji, tuseme ukweli, jengo letu lilikuwa aibu ya mtaa. Rangi imebanduka, mabomba yanavuja, chupi zinaning'inia madirishani. Mtu akipita na gari lake anaona uchafu, moyo unamwingia huzuni. Sasa akipita atatabasamu. Wataalamu wanasema mji ukipendeza, hata watu wake wanakuwa na afya."

"Na sisi tulio nyuma ya turubai?" aliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa na futi ya kupimia shingoni.

"Nyinyi ndio mnakaa ndani ya uzuri wenyewe, Fundi. Mtu aliye ndani ya sherehe anauliza sherehe iko wapi?"

Watu walicheka. Fundi naye alicheka kidogo, ingawa hakuona kilichochekesha. Kisha alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akafungua mlango wake, akasimama palepale kizingitini. Chumba kilikuwa na rangi ya majivu.

Fundi alikuwa mshona nguo, na watu wote, mumewe akiwemo, walikuwa wameshasahau kumwita kwa jina jingine. Aliishi na mumewe na mama mkwe wake katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, chenye jiko la gesi pembeni na dirisha moja. Chini ya dirisha palikaa cherehani, na kando ya cherehani palikaa kiti cha mama mkwe. Turubai lilining'inia mbele ya nondo za dirisha, kiasi cha mkono kunyooka. Lilikuwa na vitundu vidogo vya kupitisha upepo, na mwanga uliopenya humo ulikuwa ule wa saa moja kasoro jioni, kuanzia asubuhi hadi giza lenyewe liingie.

Mume alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la vigae. Mkewe alimwita Afande, kwa utani, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kusema. Alirudi kesho yake asubuhi, akajitupa kitandani nyuma ya pazia, akalala usingizi wa pono hadi saa tisa.

"Fundi," alisema alipoamka, akijinyoosha, "huu ni mwaka wa nane nalala na soksi machoni. Leo nimelala kama binadamu. Mungu ambariki yule Bi Meno."

"Na mimi nitashonaje? Nina macho ya paka?"

"Si uwashe taa."

"Taa inakula umeme, Afande."

"Iache ile, ishibe. Mradi mtu amelala."

Basi Fundi akawasha taa, na taa ikawa inawaka mchana kutwa. Lakini mwanga wa taa ni mwongo kwa mtu anayeshughulika na rangi za nguo. Wiki haikuisha kabla mteja mmoja hajarudisha sketi nyeusi iliyoshonwa kwa uzi wa bluu. Alisimama nayo mlangoni, akaigeuza huku na huku ili majirani waliokuwa wakipita waione vizuri. "Siku hizi unashona umefumba macho, Fundi?" Fundi aliifumua sketi nzima na kuirudia, na wakati akifumua machozi yalimtoka, akashangaa, maana sketi haikuwa jambo la kuliliwa. Alikuwa na huzuni asiyoijua ilikotoka. Akiamka alikuwa amechoka tayari. Akijaribu kufikiri juu ya kesho, aliona kijivu kilekile.

Hata hivyo, aliyeumia zaidi ni yule aliyekaa kitini.

Bibi, kama wapangaji walivyomwita mama yake Afande, alikuwa amepika katika shule ya bweni miaka thelathini. Kichwa chake kilikuwa na matobo kidogo, si haba kwa umri wake, lakini siku zake zilikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa dirishani. Jua likigusa mguu wa cherehani, hiyo ni saa nne, muda wa chai. Wanafunzi wakipita na makelele, hiyo ni saa saba, muda wa chakula. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akifunga mwavuli wake, muda wa kuoga. Hakuhitaji saa ya ukutani wala hakuwahi kuuliza mtu. Sasa aliuliza.

"Mwanangu, kumekucha?"

"Kumekucha zamani, Mama. Saa tano hii."

"Saa tano za usiku?"

"Za asubuhi, Mama."

Bibi alitazama kijivu cha dirishani, akamtazama mkwe wake kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Sawa, mwanangu," alisema. "Lala basi."

Wiki ya pili alianza kukataa chakula cha mchana, akisema mtu mzima hali mara mbili usiku mmoja. Wiki ya tatu akawa analala akiwa amekaa, akiamka akiwa na hofu, akiuliza kwa nini watoto hawajaamshwa. Fundi alishuka kwa Notisi kumwomba turubai lipandishwe kidogo tu upande wa dirisha lao. Notisi alimsikiliza huku akitazama simu.

"Mkataba ni wa miaka mitatu," alisema. "Mzee wenu mpelekeni kwa daktari."

*

Siku moja, kwenye saa sita mchana, Fundi alishuka kununua zipu. Hakukawia hata robo saa. Aliporudi alikuta mlango wazi, madirisha ya ukumbini yamefunguliwa, na mumewe amesimama na bukta, anakohoa, mkono mmoja umeshika mtungi wa gesi kana kwamba ungekimbia. Bibi alikuwa sakafuni karibu na jiko, mzima, anamtazama mwanawe kwa hasira. Ndani ya sufuria kubwa palikuwa na maji baridi, na ndani ya maji, sukari yao yote na majani yao yote ya chai.

"Ameniambia nitoke jikoni," Afande alisema. "Mimi. Ameniambia wanafunzi hawaruhusiwi jikoni. Gesi imefunguliwa, kiberiti anacho mkononi anakitafuta, Fundi. Mkononi anacho, anakitafuta! Angekiona mapema tungeokotwa kwa ufagio."

"Alidhani ni alfajiri."

"Alfajiri ya saa sita mchana?"

"Angalia dirisha, Afande. Wewe ungejuaje?"

Afande hakutazama dirisha. Alikaa kitandani, akajifuta uso kwa shuka. "Jumapili nampeleka kwa dada," alisema. "Dada amekubali. Ana ile stoo ya nyuma, atamtolea magunia, atamwekea kitanda. Mlango unafungwa kwa nje. Hatajiunguza."

"Stoo ile haina dirisha."

"Na hili ni dirisha?"

Fundi aliinama sakafuni. Alimwinua Bibi, akamrudisha kitini. Mikono ya Bibi ilinukia majani ya chai, naye aliiweka mapajani, akatulia ghafla. "Nimekosea kitu, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ndogo. Fundi alimpenda mwanamke huyu. Alimpenda kuliko alivyotarajia siku anaolewa, na wazo la mlango unaofungwa kwa nje lilimkaa kifuani kama mfupa.

*

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Afande aliporudi kazini na kuanza kukoroma, Fundi alichukua mkasi mkubwa wa kukatia makoti, akapitisha mkono katikati ya nondo, akalivuta turubai kwake na kulitoboa. Lilikuwa gumu. Alikata taratibu, akipumzika kila vidole vilipouma, akatoa kipande cha ukubwa wa sinia. Mwanga uliingia na kumwangukia Bibi magotini.

Hapo ndipo mtu mwingine angeacha. Angetia mkasi kabatini, angetupa kipande jalalani, na akiulizwa angesema ni upepo, ni panya, ni watoto wa ghorofa ya tatu. Lakini Fundi aliutazama ukingo wa lile tundu, ulivyokuwa na nyuzi zinazochomoza, na mikono ikamwasha. Tangu ajue kushika sindano hajawahi kuacha kitambaa bila pindo. Alitafuta sindano ya kushonea magunia na uzi wa nailoni, akakunja ukingo mara mbili, akaupinda pande zote nne, mishono midogo, sawasawa, pembe zimekaa vizuri. Ilimchukua saa mbili. Bibi alimwangalia muda wote, kisha akatazama nje.

"Yule fundi viatu amepata mwavuli mpya," alisema.

"Ehe, Mama. Amepata lini?"

"Mimi nitajuaje? Hamkunionyesha." Akatazama tena. "Hii ni kama saa nne na nusu. Chai iko wapi?"

Fundi aliweka sindano chini, akacheka mpaka akalia.

Afande alipoamka alikuta mama yake anamenya viazi karibu na dirisha, akimsimulia mkwewe habari za mwanafunzi mmoja aliyewahi kuiba mkate na kuuficha ndani ya buti. Alisimama nyuma ya pazia akasikiliza habari yote hadi mwisho. Kisha akaliona tundu. Akaliendea, akapitisha kidole kwenye pindo.

"Fundi. Umefanya nini?"

"Shikamoo, Mama," Fundi alisema kwa sauti ya kumfundisha.

"Shikamoo, Mama," Afande alirudia.

"Marahaba, baba. Umelala sana leo. Saa tisa inapita."

Afande alimtazama mkewe. Saa yake ya mkononi ilisema saa tisa na dakika tano. Jumapili ilipofika alimpigia simu dada yake, akamwambia wangoje kidogo.

*

Cha ajabu ni kwamba hadi hapo Fundi alikuwa hajafikiria upande wa mbele. Aliijua sura ya Bi Meno kama wote walivyoijua, lakini akiwa ndani aliona kijivu tu, na kijivu hakina pua wala mdomo. Ijumaa nzima na Jumamosi hakutoka. Jumapili jioni alishuka kununua mkate, akakuta kundi la watu ng'ambo ya barabara, karibu na fundi viatu, wanaelekeza vidole juu na kushikana mabega kwa kicheko. Alivuka, akageuka kutazama.

Bi Meno alikuwa na pengo. Katikati kabisa ya tabasamu lake, jino moja la juu la mbele halikuwepo, na mahali pake palikuwa na shimo jeusi la pembe nne, na ndani ya shimo, ukikazia macho, palionekana kichwa kidogo cheupe cha Bibi, anatazama barabara.

"Dawa yenyewe ndiyo hiyo!" kijana mmoja alikuwa akisema. "Ukipiga mswaki wiki moja, jino linaondoka na mswaki!" Wengine walikuwa wakipiga picha. Fundi alisahau mkate. Alirudi akipanda ngazi mbilimbili.

*

Notisi alikuja Jumatano. Safari hii alibisha kwa ngumi. Nyuma yake alisimama kijana mmoja wa wale wa kamba, na nyuma ya kijana, majirani wa ghorofa nzima. Afande alikuwa amelala; alitoka nyuma ya pazia akifunga vifungo vya shati la kazi, maana kwa jambo kama hili alitaka aonekane na sare.

"Nimeambiwa ni upepo," Notisi alisema. "Ghorofa ya tatu wamesema upepo. Ghorofa ya kwanza wamesema upepo. Nimemshusha huyu kwa kamba aangalie." Akamgeukia kijana. "Waambie ulichoona."

"Limepindwa," kijana alisema, akitazama viatu vyake.

"Sijasikia."

"Tundu limepindwa, bosi. Pande zote nne. Kwa mkono. Kazi nzuri sana."

Majirani wakaguna. Notisi aliangalia cherehani, akaangalia futi shingoni mwa Fundi, hakuhitaji kuangalia kingine. "Upepo unajua kushona," alisema. "Upepo huu umesomea wapi, Afande?"

Afande alisimama wima, mikono ubavuni. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi masikioni. "Samahani, mkuu," alisema. "Mama yangu anaumwa. Anahitaji mwanga."

"Kwa hiyo kampuni ikatwe jino?" Mtu mmoja ukumbini alishindwa kujizuia akacheka, na wengine wakafuata. Afande aliendelea kusimama wima mpaka kicheko kilipoisha. Mkewe alitamani sakafu immeze, si kwa ajili yake mwenyewe, bali kwa ajili ya ile mikono iliyobanwa ubavuni.

"Tusipoteze muda," Notisi alisema. "Kampuni wanataka mtoke leo. Mimi nimewatetea. Nimesema yule ni fundi, aliyekata atashona." Kijana alitoa kifurushi mgongoni, akakifungua. Lilikuwa jino. Jino moja la turubai, jeupe, linameremeta, limechapishwa pamoja na kivuli chake na ufizi mwekundu juu. "Ushone sasa hivi nikiona. Na mshono usionekane."

Mlango ulipofungwa, Notisi ndani na majirani nje, Afande aliongea kwa kunong'ona, meno yamekazana. "Ungekata tu! Ungekata ukaacha! Nani alikutuma upinde?"

"Kisipopindwa kinafumuka," Fundi alisema.

Alifumua pindo lake kwanza, mshono mmoja mmoja. Kisha alipachika jino, akaanza kushona kutoka chini. Turubai lilikuwa zito na lilikuwa likimponyoka, na kijana alikuwa juu ya kamba kwa nje akilinyoosha, kwa hiyo ilihitajika mikono mingine ndani. Bibi aliinuka kitini bila kuambiwa.

"Nikushikie, mwanangu," alisema.

"Kaa, Mama. Utachoka."

"Nimeshika masufuria ya watu mia nne, nitachoshwa na kitambaa?" Akaushika ukingo kwa mikono miwili, akauvuta vizuri, akauweka pale hasa sindano ilipoutaka. Alikuwa msaidizi hodari. Fundi alishona. Nafasi ilipungua ikawa ya ukubwa wa sahani, ikawa ya kikombe, na Bibi akawa bado anashika, anachungulia hapo palipobaki, anaeleza anachokiona, wanafunzi wanapita, mmoja kavua viatu. Fundi alimsikia na kuendelea kushona. Hakuna kazi aliyowahi kuichukia kama ile, na mishono yake ilikuwa sawasawa hadi wa mwisho.

Notisi alipitisha kidole. "Kazi safi," alisema, akaonekana anamaanisha.

*

Zilipita siku kumi. Bibi hakugusa jiko, maana Afande aliliwekea kufuli, lakini aliacha kuongea na mwishowe aliacha kutafuna. Usiku wa mchana ulimrudia, na safari hii hakupambana nao. Afande hakulala vizuri tena. Alilala macho wazi nyuma ya pazia, akimsikiliza mama yake anavyohema. Siku ya kumi na moja, Jumapili, alifunga nguo za mama yake katika mfuko mmoja, akaagiza teksi.

Walimshusha ngazi wakimshika huku na huku, hatua kwa hatua, akiwa mzito na macho yamelegea. Walipofika nje jua lilikuwa kali. Bibi alisimama. Alikunja uso, akaweka kiganja juu ya macho, akakaa hivyo kwa muda. Dereva alipiga honi mara moja.

"Maduka yamefungwa," Bibi alisema. "Leo Jumapili?"

Afande alimgeukia taratibu. "Ndiyo, Mama."

"Na wewe mbona hujalala? Umetoka kazini saa kumi na mbili, sasa hivi ni saa nne. Utaugua." Alimfuta mwanawe vumbi begani. Kisha akauona mfuko mkononi mwake, akautambua, akayatambua yote. Akili yake ilikuwa imemkaa kichwani kama zamani. "Mnanipeleka kwa dada yako," alisema.

Afande aliushusha mfuko chini. Alimtazama mkewe, na Fundi aliona machoni mwake kwamba sasa ameelewa, kwamba mama hakuwa na ugonjwa wa kuhamishwa, na kwamba kuelewa huko hakukuwa na la kufanya. Kodi waliyoweza ilikuwa ya chumba kile. Ghala lilimtaka saa kumi na mbili jioni. Juu yao Bi Meno alicheka, meno yote yametimia.

"Mama, tukipata pengine, mahali penye..." Afande alianza.

"Nimesikia, baba. Twende. Usimcheleweshe mtu na kazi yake." Alimwacha mwanawe amesimama, akamshika Fundi mkono, akaubonyeza kwa nguvu, akaingia garini mwenyewe. Alikaa upande wa dirisha. Alikishusha kioo chote hadi mwisho, na teksi ilipoondoka alikuwa ametoa uso nje, anatazama kila kitu.

Fundi alibaki barabarani hadi gari lilipopinda kona. Kisha alipanda ngazi, akafungua mlango, akawasha taa. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.